Mtani wa Sabuni

1

Mwasiti Dibwe aliingia Baraza la Staha, pale Kibaha, Jumatatu asubuhi, amejifunga kanga iliyopauka kwa kufuliwa. Mbele ya Nyamizi hakuweka barua wala fomu. Aliweka pakiti ya sabuni ya unga.

"Hii ni ya jana," alisema. "Nyumbani zipo mia sita na kitu. Mama amezipanga chumbani kwa marehemu mpaka zimeziba dirisha."

Nyamizi Kasanda, msimamizi wa chumba cha mizani, aliigeuza pakiti. Ng'arisha. Ilikuwa sabuni ya kawaida, anayo hata yeye kwake, na hakuelewa mwanamke huyu amefunga safari kutoka Kisarawe kuja kumwonesha nini.

"Dada, mwenzio nisikilize mpaka mwisho," alisema Mwasiti. "Kaka yangu Kondo alikuwa fundi wa minara ya mawasiliano. Miezi saba iliyopita alianguka. Tukaambiwa amekufa palepale, hakuteseka, tukashukuru Mungu, tukazika. Siku ya tatu tumekaa kwenye mkeka, watu wamepungua, mara runinga ikawaka yenyewe. Hodi, hodi wenye msiba. Akatokea mwanamume amevaa shati la Kondo, lile la miraba myekundu. Mguu wa kushoto anauburuta vilevile kama Kondo, maana Kondo alianguka mkorosho utotoni. Akasema, mimi mtani wenu Mnyamwezi nimekuja kuwacheka. Mzaramo gani huyu anazikwa shati lake limebaki chafu? Silitoi mpaka mlikomboe. Pakiti tatu za Ng'arisha."

"Na mama akafanyaje?"

"Akacheka. Mara ya kwanza tangu tuzike."

Hapo Nyamizi aliacha kuichezea pakiti. Asiyelelewa na watani atamwona yule mama mwendawazimu, na atakosea. Zamani msiba bila mtani haukuwa msiba. Nyie mnalia, yeye anaingia na viatu vya marehemu miguuni, anakohoa kama marehemu, anadai chakula kama marehemu, analala kwenye njia ya jeneza na kukataa kuondoka mpaka apewe kitu. Anawatukana mpaka mnacheka na kamasi zinawatoka. Kumkasirikia ni aibu kubwa, bora ukojoe mbele za watu. Na yeye huyohuyo ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayepika, na siku ikifika ndiye anayesema basi, anueni matanga, mrudi vitandani. Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Nyamizi mwenyewe ni Mnyamwezi, baba na mama.

"Mama akinunua pakiti tatu," Mwasiti aliendelea, "yule mtu anatembea kidogo pale kwenye kioo, halafu inatoka sauti ya Kondo mwenyewe. 'Mama wee.' Mara moja tu. Kesho shati limechukuliwa tena, tunaanza upya. Na anasema kila siku, matanga hayaanuliwi mpaka niseme mimi. Mama yuko kwenye mkeka, dada, miezi saba, sakafu ya saruji. Daktari anasema mapafu yanajaa maji. Masika hii ikimkuta hapo chini nitamzika na yeye."

"Hukuchomoa waya?"

"Nilichomoa. Alikaa siku mbili hali, hanywi, ananitazama tu." Mwasiti alijifuta macho kwa pindo la kanga. "Nasikia hapa ndipo mnapofungia matangazo yanayokera watu. Mimi limenikera. Lifungieni."

Nyamizi alijua jibu, kwa sababu yeye ndiye aliyeliandika.

2

Kabla ya punje, matangazo yalifungiwa kwa domo. Wazee watano na muuguzi mstaafu walikaa katika jengo hilihili wakanywa chai ya tangawizi na kugombana. Waliliondoa la krimu lililomweka binti mweusi kuwa picha ya kabla na binti mweupe kuwa picha ya baada. Waliliondoa la bia lililorushwa watu wanafuturu. La nepi, ambalo babu mzima alivishwa nepi huku wajukuu wanampiga picha, waliligombania miezi mitatu, na mzee mmoja alicheka mpaka akatolewa kikaoni. Kila mahali watu wakawa wanauliza, nani amewapa vikongwe hawa kazi ya kujua kinachonikera mimi? Swali la haki kabisa. Jibu lake likawa punje.

Punje ni kidude cha ukubwa wa mbegu ya mtama, hupachikwa nyuma ya sikio, na bila hiyo runinga haikuwakii. Inasoma mapigo, jasho la ngozi na koo linavyokaza, kisha inatoa namba ya karaha, sifuri mpaka mia. Tangazo likiwafikisha watazamaji sitini, linashuka hewani nchi nzima kabla hujamaliza kusonya. Hakuna wazee, hakuna chai, hakuna ugomvi.

Mwaka wa kwanza tu mashine ikafungia tangazo la majani ya chai. Ndani yake Mnyamwezi na Mzaramo walikuwa wanatukanana kwa raha zao, wenyewe karaha yao tatu, nne. Waliofika themanini ni watu baki waliowaonea huruma. Watani wakaja juu, mnatuharibia utani wetu. Nyamizi wakati huo alikuwa na miaka ishirini na sita, fundi mpya wa mizani, anajiona. Alikaa mchana mmoja na muhogo wa kuchoma mkononi akaandika Kifungu cha Tisa: tangazo linalosema kwa kinywa cha mtani halipimwi kwa watu baki, litashuka iwapo tu yule anayesemwa, akiwa ameketi mbele ya Baraza na kuambiwa ukweli wote wa tangazo, atafika sitini. Akipimwa asifike, lalamiko limekufa, na tangazo hilo halilalamikiwi tena. Walimpa cheti. Mpaka leo kipo ukutani kwake.

Miaka kumi na minne imepita na hakuna aliyefika hata ishirini. Atafikaje? Mtu aliyelelewa kumcheka mtani anacheka tu, hata akichomwa moto. Na ubaya mwingine Nyamizi hakuuwaza, muhogo ulikuwa mtamu. Kifungu chake kilikuwa cha matangazo. Mitaani hakikufika. Kule ukimkera mtu punje yake inalia na unaitwa serikali ya mtaa kujieleza, kwa hiyo watu wa kweli wakaacha kutaniana, mmoja baada ya mwingine, na misiba ikawa ya kunong'ona. Mtani pekee aliyebaki na ruhusa ya kufungua mdomo nchi nzima ni yule wa kampuni.

Kampuni yenyewe ilijiita Kicheko. Meneja wake, Elineema Mshana, alikuja Jumatano na jalada kwapani, kijana mtaratibu, amenyoa vizuri, akaamkia kila mtu kuanzia mlinzi.

"Mheshimiwa Nyamizi, sisi tunakuombea dua," alisema akikaa. "Bila kile kifungu chako tusingekuwepo."

"Mmemweka mama wa watu sakafuni miezi saba."

"Sisi? Amekaa mwenyewe. Na anapenda. Juzi punje yake imesoma nne wakati wa tangazo. Wewe hapa ukisubiri foleni ya chai unafika kumi na moja, nimeona kwenye ubao wenu pale mlangoni." Alitabasamu bila kejeli, na hilo ndilo lililomuudhi Nyamizi. "Mtu anafurahi. Unamlinda asifurahi?"

"Anaumwa."

"Na mtani wa kweli angemwacha akae bila kula na kulala chini, si ndiyo mila? Sisi hatukubuni kitu. Tumeendeleza." Akasukuma jalada. "Nyumba elfu nne zinatutazama sasa hivi, kila moja na marehemu wake. Karaha ya wastani, tano."

Sheria inamlazimisha mwenye tangazo kuandika kila kitu alikitoa wapi. Nyamizi alisoma. Shati: picha za harusi ya binamu. Mwendo: kamera za barabarani, Kisarawe. Kisha mstari wa tatu. Sauti ya maneno "Mama wee": kinasa sauti cha kofia ya kazi, mnara namba sabini na mbili, dakika ya pili hadi ya kumi na moja.

Aliusoma mara mbili.

"Familia inajua alikufa palepale."

"Ndivyo walivyoambiwa na mwajiri wake."

"Kumbe?"

"Mkanda ulimnasa mguu. Alining'inia dakika kumi na moja, ngazi ya kumshushia ilikuwa mnara mwingine." Elineema alishusha sauti, kwa adabu kabisa. "Aliita mara kumi na tisa. Sisi tulichukua ya nne, upepo ulikuwa umetulia kidogo, imetoka safi. Nyingine hazifai hewani."

Nyamizi alimtazama. Alitaka kumpiga na jalada lake usoni na alijua kwamba punje ya yule kijana ingelia na yeye ndiye angeitwa kujieleza.

"Kanuni inasema tuandike, tumeandika," alisema Elineema. "Haisemi tumsomee mama."

"Kifungu kinasema aambiwe ukweli wote."

"Kinasema." Alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Kesho basi. Utaweza?"

Baada ya hapo Nyamizi alikuwa na namba ya simu ya Mwasiti mbele yake mchana kutwa. Angeweza kumpigia akamuuliza, mdogo wangu, ukweli ndio huu, nimwambie mama yako au nisimwambie? Hakupiga. Tusimpambe: hakupiga kwa sababu aliogopa Mwasiti angesema usimwambie.

3

Bi Mwantumu Dibwe aliingia Alhamisi asubuhi ameshikwa mkono na bintiye, mwembamba, anakohoa kikohozi cha maji, na kikapu begani. Ndani ya kikapu alikuwa na pakiti tatu za Ng'arisha. Aliogopa kesi ikichelewa mwanawe asikombolewe siku hiyo. Mwasiti aliambiwa asubiri nje ya mlango wa kioo, maana kanuni haitaki jamaa karibu na mizani. Elineema alikuwa ameshaketi pembeni.

Nyamizi alimwamkia, mama akaitika, kisha akainama kusoma kibao cha mezani herufi kwa herufi.

"Kasanda. Kasanda wa wapi?"

"Wa Tabora, mama. Sikonge."

Uso wa yule kizee ulifunguka wote. "Ala. Kumbe mtumwa wangu. Nimeburutwa kutoka Kisarawe natetemeka naenda kwa mkubwa wa serikali, kumbe naletwa kwa mbeba mizigo. Babu yako alikuja pwani na meno ya tembo kichwani, akaonja maji ya bahari akasema nani katia chumvi nyingi hivi?"

Mizani ukutani, iliyokuwa inafuata punje ya mama, ilisoma tatu. Nyamizi alihisi kitu kifuani kikilegea ambacho hakujua kilikuwa kimekazwa. Ilikuwa miaka mingi hajatukanwa vizuri.

"Na babu yako alikuwa wapi?" alimjibu. "Amelala chini ya mnazi anasubiri nazi idondoke yenyewe, imfuate mpaka mdomoni."

Bi Mwantumu alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akapigapiga meza kwa kiganja. Alipopata pumzi alimshika Nyamizi mkono, hakuuachia.

"Ulikuwa wapi, mtani?" alisema. Sasa hakuwa anacheka. "Mwanangu amezikwa kimya kama mpita njia. Majirani wamekuja wapole, pole mama, pole mama, utadhani wameiba kitu. Hakuna aliyevaa viatu vyake. Hakuna aliyenitukana. Nikasema, Kondo ndio basi, amekufa moja kwa moja. Ulikuwa wapi?"

"Sikujua, mama."

"Yule wa kwenye runinga alijua."

Lilirushwa tangazo mara ya kwanza, kama kanuni inavyotaka. Hodi, hodi wenye msiba. Shati la miraba myekundu, mguu unaburuzwa. "Mzaramo huyu hata kufa hajui, shati limebaki chafu, mama yake alikuwa anafua au anaimba?" Bi Mwantumu alicheka na kukirudishia matusi kioo. Alikiweka kikapu mapajani. Ilipotoka ile sauti, Mama wee, alifumba macho. Tano.

"Mama," alisema Nyamizi, "natakiwa nikuambie ukweli wa hiki unachotazama. Huyu si mtu. Ni mashine imetengenezwa na kampuni ya huyu bwana, wauze sabuni."

Kizee alimgeukia. "Mwanangu, unadhani mimi mjinga? Najua ni mashine. Mtu gani anakaa ndani ya runinga miezi saba hajaomba hata maji?" Sita, ikasoma mizani. "Mashine imekuja. Wewe hukuja."

Elineema alikuwa anatazama kucha zake.

"Daktari anasema ukiendelea kulala chini utakufa."

"Nitakufa, nimesikia. Matanga anaanua mtani, siyo daktari. Mtani akisema bado, ni bado."

Hapo Nyamizi aliona upenyo, akauingia mbiombio. "Mimi ni mtani. Wa kuzaliwa, siyo wa kiwandani. Mimi nakuambia anua, urudi kitandani kwako."

Bi Mwantumu alimpima kwa macho kuanzia kichwani, taratibu, jinsi mtu anavyompima mkwe.

"Hivihivi? Hujavaa shati lake, hujachechemea, hujala hata tonge langu ukasema halina chumvi." Lakini aliwaza, na alipoongea tena sauti ilikuwa ya chini. "Njoo nyumbani. Siku saba. Ulale mlangoni, uvae shati lake, unitukane inavyopasa. Siku ya saba useme basi. Ukisema wewe, nitaamka. Wallahi nitaamka, na hiyo runinga nitaigeuzia ukutani."

Kilikuwa kitu chepesi kiasi hicho. Siku saba za likizo, na Nyamizi alikuwa na likizo ya miaka miwili hajaitumia. Angekwenda Kisarawe akachechemea sebuleni, akala, akatukana, na yule mama angerudi kitandani bila kujua kamwe kilichotokea juu ya mnara ule.

"Hilo jambo jema sana, Mheshimiwa," Elineema alisema kutoka pembeni, na alimaanisha. "Nenda. Mimi nitakupa hata usafiri. Tuandike hapa anayesemwa hakukereka, tufunge, mama apone."

Akishaandika hivyo, lalamiko limekufa. Tangazo halitaguswa tena na mtu yeyote. Zitabaki nyumba elfu nne zenye mikeka sakafuni, na Nyamizi hana siku saba mara elfu nne. Hizo ndizo alizoziwaza, na tumpe haki yake, aliziwaza kwanza. Kisha akawaza cheti ukutani. Akawaza magazeti: aliyekiandika Kifungu cha Tisa ndiye wa kwanza kukitumia kuifunga kampuni. Nalo lilipita kichwani, halikupita haraka.

Akaufungua mkono wake kutoka kwenye mkono wa kizee, akavuta jalada.

"Rusheni mara ya pili," alisema. "Mama, bado sijamaliza kukuambia ukweli."

"Sema, mtumwa wangu."

"Ile sauti ya Kondo. Unajua wameitoa wapi?"

"Kwenye simu zake huko. Alikuwa ananipigia kila jioni."

"Hapana. Kofia yake ya kazi ilikuwa na kinasa sauti." Nyamizi alisoma kutoka kwenye karatasi, hakuinua uso, na alisoma kwa ile sauti tambarare ya kusomea kanuni. "Kondo hakufa palepale, mama. Mkanda ulimnasa mguu akaning'inia. Dakika kumi na moja. Alikuwa hai. Alikuwa anakuita. Hiyo unayoinunua kila siku ndiyo ile aliyokuwa anakuita akiwa juu kule."

Kwenye kioo mtani alikuwa anachechemea kuja mbele. Bi Mwantumu alikuwa anacheka bado, mdomo umebaki wazi vilevile kwa kicheko alichokianza, kwa sababu mtani wake ndiye anayesema na mtani akisema unacheka. Hakujua kitu kingine cha kufanya na uso wake. Mizani ilisoma kumi na tisa, ikasoma thelathini na moja.

"Unanitania," alisema.

"Sikutanii."

"Unanitania wewe. Mnyamwezi, mwongo wewe." Akacheka tena, kicheko kizima, chenye sauti, machozi yanashuka hadi shingoni. Arobaini na nne. Hamsini na tatu. Hamsini na nane, ikasimama.

Elineema aliacha kutazama kucha. Nyamizi alitazama namba ile, mbili tu zimebaki. Kioo kilikuwa kimefika mwisho wa tangazo, sekunde chache kabla ya sauti, na alijua kabisa angeweza kunyoosha kidole akaizima. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Badala ya kuzima, aliongeza sauti.

"Sikiliza, mama," alisema. "Sikiliza vizuri anavyoita."

Mama wee.

Sasa aliisikia. Koo lililokauka, pumzi iliyokatika katikati, upepo nyuma yake. Kwa miezi saba alikuwa ameisikia kama mtu anayeingia mlangoni na njaa. Mizani ilipanda themanini, ikapanda tisini na sita, kengele ya ukutani ikalia mara moja, na mtani akakatika kioo kizima, mguu wake wa kushoto bado uko hewani. Nchi nzima, nyumba elfu nne, kwa saa hiyohiyo.

Na Bi Mwantumu alikuwa bado anacheka. Alijaribu kuufunga mdomo kwa mkono, ukakataa, akaushika kwa mikono miwili.

4

Elineema alikusanya karatasi zake. Alikuwa amepauka kidogo, lakini alimpa Nyamizi mkono. "Sikudhani ungeweza," alisema. "Sisi wenyewe tuliliogopa hilo faili, hatukumpa hata mtu wa masoko." Kisha akamwinamia mama, akasema pole mama, kwa upole kabisa, akatoka.

Karani alileta fomu kwenye kioo cha mezani. Sababu ya kufungiwa tangazo. Mashine ilikuwa imeshajaza: limemkera mtazamaji. Nyamizi alitia kidole kuidhinisha. Simu yake ilikuwa imeanza kutetemeka mfukoni, waandishi wa habari tayari wamesikia.

Bi Mwantumu alikuwa ametulia. Alitoa pakiti tatu kikapuni, moja moja, akazipanga mezani zikiwa zimenyooka. Mwasiti alikuwa ameingia na amesimama nyuma ya mama yake. Kioo cha mlango kilikuwa chembamba na alikuwa amesikia kila neno. Hakumtazama Nyamizi.

"Naomba kuuliza swali, Mheshimiwa," alisema mama.

Nyamizi alishtuka kwa lile jina. "Uliza, mtani."

"Aliniita mara ngapi?"

Jalada lilikuwa wazi mbele yake. Kifungu kinasema ukweli wote. Kifungu alikiandika yeye.

"Mara moja," alisema Nyamizi. "Mara moja tu, mama, akanyamaza."

Kizee alimtazama usoni muda, bila hasira. Punje yake ukutani ilikuwa imeshuka mpaka mbili. Alikuwa amelea watoto, alijua sauti ya mtoto aliyeita mara moja na ya mtoto aliyeita mpaka sauti ikamwisha, na alikuwa ameisikia ile siku mia mbili.

"Ahsante, Mheshimiwa," alisema.

"Nitakuja nyumbani," Nyamizi alisema, na maneno yalimtoka kwa kukimbilia. "Jumamosi. Siku saba, kama ulivyosema. Nitavaa shati, nitalala mlangoni. Nitakula ugali wako niseme umeiva upande mmoja."

"Usijisumbue, Mheshimiwa. Una kazi za watu wengi." Alinyoosha mkono, Mwasiti akamwinua. "Tutaanua wenyewe. Mwasiti, ukifika uutoe ule mkeka nje, na kitanda changu kitandikwe."

Kwa hiyo alishinda, Nyamizi. Mama anarudi kitandani, mapafu yatapona, mikeka elfu nne itakunjwa. Alisimama nyuma ya meza akawatazama wakienda mlangoni polepole. Alingoja. Mtani hawezi kuondoka hivihivi. Lazima mlangoni ageuke, aseme neno, mbeba mizigo, mtumwa, mla panya, lolote lile. Alilitaka tusi hilo kama maji.

Mlangoni Bi Mwantumu aligeuka kweli. Alijifunga kanga vizuri na kuinamisha kichwa, kama wanavyofanya watu wa mbali mbele ya wakubwa.

"Kwaheri, Mheshimiwa," alisema. "Mungu akubariki na kazi yako."